Tazama Nyusi Zilizopona: Niliyoyapitia kwa Maikrobledi Mombasa

Mwanamke anayefikiria kuchorwa nyusi kwa maikrobledi huonyeshwa picha nyingi kabla ya kutoa pesa, na karibu picha zote hizo huwa zimepigwa dakika chache baada ya kazi kumalizika, wakati rangi ingali mbichi, mistari ingali myembamba, na ngozi ingali imevimba kidogo kiasi cha kuufanya unyusi uonekane umejaa. Hakuna anayekaa na nyusi za namna hiyo kwa zaidi ya siku mbili tatu. Zile atakazoishi nazo mwaka mzima au zaidi hujitokeza ngozi ikishapona, baada ya wiki sita hivi, na hizo ndizo ambazo mafundi wengi hawana picha zake. Tangu nilipochorwa zangu, dada na mama wa hapa Mombasa wamekuwa wakiniuliza swali la kwanza kuhusu bei na la pili kuhusu maumivu. Nimeamua kuandika kwa utaratibu yale niliyoyapitia, kwa sababu naona bei na maumivu ni mambo mepesi kuliko mengine yanayomsubiri mtu.

Nafanya kazi kwenye mapokezi ya hoteli upande wa Bamburi. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiamka mapema kuliko ilivyohitajika ili nipake wanja wa nyusi kabla ya zamu ya asubuhi, na kufikia adhuhuri wanja huo ulikuwa umeyeyuka kwa jasho, hasa miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, wakati joto la Mombasa hupita nyuzi 30 na unyevu wa hewa hauiachi ngozi ikakauka. Nyusi zangu za asili zilikuwa zimebaki nusu. Nilianza kuzitinda nikiwa msichana, kwa wembe, kisha kwa uzi na kibano, kwa kuwa wakati huo unyusi mwembamba ndio uliosifiwa. Nywele inayong'olewa mara kwa mara kutoka kwenye shina lake hufika mahali isiote tena, na wengi wa rika langu wana nyusi zilizoishia katikati ya jicho kwa sababu hiyo hiyo.

Hata hivyo, kabla ya kutafuta fundi nilipita hospitali kwanza, na jambo hili nalisisitiza kwa kila anayeniuliza. Unyusi unaopungua kuanzia mwisho wake, ile theluthi ya nje iliyo karibu na panja, unaweza kuwa dalili kwamba tezi ya thairoidi haifanyi kazi ipasavyo, na mtu anayejichora rangi juu ya dalili hiyo anaficha ugonjwa ambao una matibabu. Nyusi hudondoka pia kwa mapunye, kwa ule ugonjwa wa nywele kutoka kwa mabaka, kwa dawa za saratani, na kwa upungufu wa madini ya chuma mwilini. Kipimo cha damu cha thairoidi kiligharimu pesa ambazo ningependa kuzitumia kwingine, lakini majibu yalipotoka yakiwa ya kawaida nilijua kwamba tatizo langu ni kutinda tu, na nikaendelea kwa moyo uliotulia.

Ni vyema mtu aelewe anachofanyiwa. Katika maikrobledi fundi hutumia mkono. Hushika mpini mdogo wenye safu ya sindano nyembamba zilizopangwa zikawa makali ya kisu, huzichovya kwenye rangi, kisha hukwaruza ngozi kwa mistari mifupi inayofuata mwelekeo wa nywele. Rangi inatakiwa itue chini kidogo tu ya tabaka la nje la ngozi. Ikibaki juu mno, hutoka pamoja na ngozi ile ambayo mwili huibadilisha kila baada ya mwezi mmoja hivi, na mteja hujikuta hana kitu. Ikizama mno, damu hutoka kwa wingi, mistari hutawanyika, na rangi hugeuka kijivu au samawati na kukaa kwa miaka mingi kuliko alivyoahidiwa. Nafasi iliyopo kati ya makosa hayo mawili ni sehemu ndogo ya milimita. Ndiyo maana kazi hii haifai kufanywa na mtu aliyejifunza wikendi moja, ingawa cheti kinachoning'inia ukutani kinaweza kuwa cha wikendi hiyo hiyo.

Kuna njia ya pili, ambayo hapa watu huiita nyusi za unga. Fundi hutumia mashine yenye sindano moja inayodonoa nukta ndogo ndogo, na matokeo yake ni kivuli laini kinachofanana na unyusi uliopakwa poda. Njia hii huumiza ngozi kidogo kuliko maikrobledi, hudumu zaidi, na huwafaa wenye ngozi ya mafuta. Nililazimika kuzizingatia kwa makini tofauti hizi kwa sababu ngozi yangu, kama ya wengi wanaoishi kwenye joto na unyevu wa Pwani, hutoa mafuta mchana kutwa. Kwenye ngozi ya mafuta mistari ya maikrobledi haikai imesimama moja moja. Baada ya miezi michache hunenepa, huungana, na kuwa doa. Picha zinazosifiwa sana mtandaoni huwa za watu wenye ngozi kavu wanaoishi kwenye nchi za baridi, na mwenye ngozi tofauti asitarajie matokeo yale yale.

Nilitembelea mahali pawili kabla ya kuamua. Chumba cha kwanza, katikati ya mji, kilinitajia shilingi 5,000, bei iliyonivutia sana. Niliomba nifanyiwe jaribio la rangi na ganzi nyuma ya sikio, nikaambiwa kwamba hakuna mteja aliyewahi kudhurika na kwamba ningeweza kuanza siku hiyo hiyo. Niliomba kuona jinsi sindano zinavyofunguliwa, nikaonyeshwa mpini uliokuwa juu ya sahani, sindano zake zikiwa tayari zimefungwa na ukiwa umefutwa kwa pamba. Nikaaga kwa adabu na kuondoka. Nataka ieleweke kwa nini sikubaki. Chombo kinachokwaruza ngozi hadi damu ikachomoza kinaweza kubeba virusi vya ukimwi na vya homa ya ini, na virusi vya homa ya ini ya aina B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa angalau siku saba vikiwa bado na uwezo wa kuambukiza. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya ugonjwa huo mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo wengi wetu tuliozaliwa kabla ya hapo hatukupata chanjo hiyo utotoni. Kufuta sindano kwa spiriti hakutoshi. Sindano inapaswa kutolewa kwenye pakiti iliyofungwa, yenye tarehe ya mwisho wa matumizi, mbele ya macho ya mteja, na kutupwa kwenye kisanduku cha vyenye ncha kali mara kazi inapoisha. Kikombe cha rangi pia kiwe cha mtu mmoja, na rangi iliyobaki isirudishwe kwenye chupa.

Fundi wa pili alikuwa na chumba kidogo Nyali. Aliniketisha karibu na dirisha, akanibonyeza paji la uso kwa karatasi ya shashi, akaitazama karatasi hiyo kwenye mwanga.

"Dada, ngozi yako ina mafuta," akasema. "Nikikuchorea mistari mitupu, mwaka hautaisha kabla haijaungana, na utakuwa na haki ya kunilaumu."

Nikamwomba anionyeshe wateja wenye ngozi kama yangu ambao nyusi zao zimekwisha kupona. Akafungua simu yake na kunionyesha mmoja mmoja. Huyu wiki ya nane, huyu mwaka mmoja, huyu rangi haikushika upande mmoja ikabidi arudiwe. Picha hiyo ya tatu ndiyo iliyonifanya nimwamini, kwa kuwa mtu anayekuonyesha kazi iliyomshinda mara ya kwanza, na akakueleza kwa nini ilimshinda, ana uwezekano mkubwa wa kukuambia ukweli kuhusu ngozi yako pia. Tulikubaliana juu ya mseto: mistari michache mwanzoni mwa unyusi, na unga kuelekea mkiani.

Bei yake ilikuwa shilingi 14,000, marudio ya baada ya wiki kadhaa yakiwa ndani yake, na nilituma shilingi 3,000 za arubuni kwa M-Pesa. Jambo la marudio liulizwe waziwazi, kwa sababu kazi hii haikamiliki kwa kikao kimoja, na bei ndogo isiyohusisha marudio mara nyingi huishia kuwa kubwa. Juu ya hizo niliongeza gharama ya kipimo cha damu, dawa ya kupaka, maji safi, losheni ya kukinga jua, na siku za likizo nilizoziomba kazini. Anayepanga bajeti kwa kutazama bei ya fundi peke yake atajikuta amepungukiwa.

Fundi alinijazisha fomu ndefu ya maswali ya afya, na nilifurahi kuiona. Mjamzito na anayenyonyesha hushauriwa kusubiri. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa hupona polepole na huambukizwa kwa urahisi. Anayetumia dawa za kupunguza mgando wa damu atatokwa na damu nyingi itakayoisukuma rangi nje, lakini dawa alizoandikiwa na daktari asiziache kwa ajili ya nyusi bila kumwuliza daktari huyo. Anayemeza dawa ya chunusi ya isotretinoini hutakiwa kukaa miezi kadhaa baada ya kuimaliza. Mwenye historia ya keloidi, yale makovu yanayoendelea kukua na kuvuka mipaka ya jeraha, inafaa afikirie mara mbili, kwa kuwa keloidi huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi. Dada yangu mdogo ana moja nyuma ya sikio tangu alipotogwa, na kwa sababu hiyo fundi alinikagua masikio, mabega na kovu la chanjo ya mkononi kabla ya kukubali kunigusa. Kwa dada yangu mwenyewe alikataa katakata, na naona alitenda haki.

Kuna mambo mawili ambayo fomu nyingi huyasahau, nayo yanatuhusu sana sisi wa Pwani. La kwanza ni piko. Piko jeusi linalochorwa mikononi kwenye harusi mara nyingi huwa limechanganywa na PPD, kemikali iliyomo kwenye rangi nyeusi za nywele, na aliyewahi kuvimba au kutoka malengelenge kwa piko amekwisha kujenga mzio ambao haumwachi. Mtu huyo anaweza kudhurika vibaya akipakwa rangi ya nyusi ya aina hiyo, na anaweza pia kudhurika kwa ganzi ya bensokaini, ambayo kikemia ina undugu na PPD. Ganzi ya lidokaini ni ya kundi jingine, na kwa kawaida ndiyo hutumiwa badala yake. Basi aliyeharibiwa na piko aseme mapema, hata asipoulizwa, na jaribio la nyuma ya sikio lifanywe siku mbili kabla ya kuchorwa.

La pili ni krimu za kuchubua ngozi. Wengi wanaozitumia huona haya kulitaja, na fundi huona haya kuuliza. Krimu nyingi za aina hiyo zina steroidi kali, haidrokwinoni au zebaki. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba na dhaifu, ikatokwa na damu kwa urahisi na kuchelewa kupona, na rangi ikisafiri nje ya mistari. Nimemwona mwenzangu mmoja aliyenyamaza kuhusu krimu yake, na nyusi zake zikapona zikiwa na kivuli cha kijivu pembezoni. Kumwambia fundi siri hiyo mkiwa wawili chumbani ni aibu ya dakika moja.

Mwenzangu wa zamu, ambaye ni Mwislamu, aliamua kutochorwa baada ya kumwuliza sheikh wake. Alinieleza kwamba hadithi za Mtume zilizomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim zimewalaani wanaochanja tatuu na wanaochanjwa, pamoja na wanaong'oa nyusi kwa ajili ya urembo, na kwamba rangi inayotiwa ndani ya ngozi kwa sindano haiwezi kulinganishwa na hina inayokaa juu yake. Ninalitaja jambo hili kwa sababu katika mji wetu ni swali la uzito, na anayelihisi moyoni inafaa alimalize na wanaojua dini yake kabla ya kulipa arubuni. Majuto ya aina hiyo hayafutiki kwa leza, ule mwanga mkali wa kufutia tatuu.

Nilichagua mwezi wa Julai. Fundi ndiye aliyenishauri, akisema kwamba wateja anaowachora wakati wa kaskazi hurudi wakiwa na rangi iliyokwenda na jasho. Wakati wa kusi upepo hupoza mji, na mtu anaweza kulala bila kuloa. Wengi hukimbilia kuchorwa wiki moja kabla ya harusi, na huo ndio wakati mbaya kuliko wote, kwa sababu siku ya harusi yenyewe itawakuta wakibanduka magamba. Anayetaka nyusi kwa sherehe aanze miezi mitatu kabla.

Siku yenyewe nilikuwa nimejizuia na kahawa na dawa za maumivu za aina ya aspirini tangu siku iliyotangulia. Sehemu kubwa ya muda ilitumika kupima na wala si kuchora. Fundi alinipima nikiwa nimeketi wima, macho yakitazama mbele, kwa uzi uliopakwa rangi, kuanzia ubavu wa pua hadi pembe ya jicho, kisha akanichorea umbo kwa kalamu. Kupimwa ukiwa umelala ni kosa, kwa sababu ngozi ya uso huvutika na nyusi zinazoonekana sawa kitandani huwa zimepishana ukisimama. Alinipa kioo na kuniambia nisione haya kukataa. Nilikataa mara ya kwanza, maana mwanzo wa nyusi ulikuwa umekaribiana mno na kunipa uso wa hasira, naye akafuta na kuanza upya bila kununa. Hapa ndipo mteja anapopaswa kuwa mgumu. Kalamu hufutika, na baada ya hapo hakuna kinachofutika kwa urahisi.

Krimu ya ganzi ilikaa karibu nusu saa. Mikwaruzo ya kwanza niliihisi kama sauti zaidi ya maumivu, sauti ya khanga mpya inapochanwa katikati, iliyo karibu sana na sikio. Kuelekea mkiani, ambako ngozi ni nyembamba na mfupa uko karibu, ganzi ilikuwa imeanza kupungua na machozi yalinitoka bila kulia. Fundi alipaka ganzi ya pili, ya majimaji, akasubiri, akaendelea. Damu ilichomoza kama vitone vidogo tu. Fundi alinieleza kwamba damu inapotiririka ni ishara ya mkono uliozama, na kwamba mteja ana haki ya kumwambia fundi asimame. Kuanzia kupimwa hadi kumaliza ilikuwa kama saa tatu.

Kuhusu kupona ndiko nitakakokawia, kwa sababu huko ndiko nilikohangaika.

Siku ya kwanza ngozi hutoa majimaji ya manjano. Yakiachwa yakauke, huwa kigaga kinene, na kigaga kikianguka hung'oka na rangi. Nilikuwa nikiyafuta kwa pamba iliyoloweshwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kwa kugusa tu bila kusugua. Mtaani kwetu maji ya bomba hukatika mara nyingi na tunategemea visima, ambavyo maji yake yana chumvi. Maji hayo hayafai kabisa kwenye jeraha bichi, kwa hiyo nilinunua maji ya chupa kwa ajili ya uso peke yake. Baadaye nilipaka marhamu kidogo sana, ukubwa wa punje ya mchele kwa nyusi zote mbili, kwa kijiti cha pamba, kwani marhamu mengi huziba ngozi na kuifanya iwe laini mno. Kwa siku kama kumi sikuloweka nyusi. Nilioga kuanzia shingoni, nikaosha uso kwa kitambaa.

Bahari niliiaga kwa mwezi mzima. Maji ya chumvi hufyonza rangi na huingiza vijidudu kwenye jeraha, na bwawa la kuogelea lenye klorini halina nafuu. Jikoni pia ni hatari isiyosemwa. Mvuke wa sufuria ya wali na moto wa karai la mahamri huutoa uso jasho kuliko jua la saa saba, na nilimwomba mama anipikie siku za mwanzo, jambo ambalo alilifanya kwa upendo huku akiniuliza nyusi gani hizi zinazomfukuza mtu jikoni. Nililala chali, feni ikiwa imeelekezwa pembeni isinipulizie vumbi. Nilipokuwa nje nilivaa kofia pana, na kwenye tuktuk niliketi katikati, mbali na vumbi la barabara. Wanaovaa mtandio au ushungi waufunge ili ukingo wake usisugue mkia wa nyusi.

Asubuhi ya pili na ya tatu nyusi zilikuwa nyeusi tititi na nene. Rangi mbichi huonekana nzito zaidi kuliko itakavyokuwa, na hata nilipokuwa nikilijua hilo sikuweza kujizuia na hofu nilipojitazama. Nilirudi kazini nikiwa katika hali hiyo, na wageni walinitazama juu ya macho badala ya machoni. Kuelekea mwisho wa wiki ya kwanza kukaja kuwasha, kisha magamba. Kukuna au kubandua gamba ni kujitoa rangi kwa kucha, na mahali gamba lilipong'olewa kwa nguvu hubaki upenyo mweupe, au hubaki doa jeusi la ngozi iliyojeruhiwa, kwani ngozi zetu nyeusi huacha alama kwa jeraha dogo sana. Nilikuwa nikibonyeza kwa kiganja kilichooshwa hadi kuwasha kupite.

Wiki ya tatu ndiyo iliyonivunja moyo. Magamba yalikuwa yamekwisha, na chini yake sikuona karibu kitu chochote. Mistari ilikuwa imefifia, upande wa kushoto ukaonekana mtupu, na nikafikiri kwamba shilingi 14,000 zimekwenda na maji. Nililia usiku ule. Nilimpigia fundi simu, naye akaniambia, "Mama, ngoja. Ngozi mpya iliyofunika rangi bado ni nzito na ina ukungu. Ikikomaa utaiona rangi inarudi. Usinihukumu kabla ya wiki ya sita." Maneno yake yalikuwa kweli: kuanzia wiki ya nne hivi rangi ilianza kurudi polepole, ikiwa laini na ya hudhurungi kuliko ilivyokuwa mwanzo. Kama nisingeambiwa, ningetafuta fundi mwingine anichore juu ya ngozi ambayo haijapona, na najua waliofanya hivyo wakaharibikiwa. Fundi mwema huieleza wiki ya tatu kabla haijafika.

Uwekundu kidogo na uvimbe wa siku mbili za mwanzo ni kawaida. Maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya tatu, usaha, harufu, joto kwenye ngozi, au homa, si kawaida, na mahali pa kwenda ni hospitali wala si kwa fundi. Vivyo hivyo vipele vigumu vinavyotokea kwenye mistari hata baada ya miezi, kwani rangi inaweza kuleta mzio uliochelewa.

Marudio yalifanyika ngozi ilipokwisha kukomaa, katika wiki ya nane. Kikao kilikuwa kifupi. Fundi alijaza sehemu zilizokataa rangi na kuutia mkia kivuli zaidi. Hapo ndipo alipoongeza uzito wa rangi, baada ya kuona jinsi ngozi yangu ilivyoipokea. Hekima yake ni kwamba rangi inaongezwa kwa urahisi, lakini kuipunguza ni kazi kubwa. Rangi yenyewe aliichagua yenye asili ya joto, kwa sababu kwenye ngozi nyeusi rangi ya ubaridi, hasa yenye kaboni nyingi, hupona ikiwa ya kijivu, ilhali ile yenye oksidi za chuma huelekea wekundu inapofifia baada ya mwaka.

Binamu yangu alichorwa kwingine miaka kadhaa iliyopita, na rangi ikazama. Nyusi zake ni za samawati hadi leo, na anazifunika kwa wanja kila asubuhi, kazi ile ile aliyotaka kuikwepa. Alipouliza kuhusu leza aliambiwa kwamba angehitaji vikao kadhaa vyenye wiki nyingi kati yake, kila kimoja kwa malipo yake, na kwamba rangi zenye oksidi za chuma au titani nyeupe zinaweza kugeuka nyeusi zaidi zikipigwa leza kabla hazijatoka. Kwa ngozi nyeusi kuna hatari ya ziada ya kubaki na mabaka meupe au meusi, hivyo leza ichaguliwe na daktari wa ngozi na ijaribiwe kwanza mahali padogo.

Mengine ni ya kukumbuka tu. Anayetakiwa kufanyiwa kipimo cha MRI, cha picha za mwili kwa mashine ya sumaku, amwambie mhudumu kwamba ana rangi kwenye nyusi, kwa sababu rangi zenye chuma mara chache huleta joto au uvimbe ndani ya mashine. Anayechangia damu atajulishwa kwamba anapaswa kungoja miezi kadhaa, kama ilivyo kwa tatuu yoyote. Krimu za retinoli na za asidi za kung'arisha uso zisifike kwenye nyusi, maana huharakisha ngozi kujibadilisha na kuondoa rangi. Losheni ya kukinga jua ndiyo inayorefusha maisha ya nyusi katika mji huu kuliko kitu kingine chochote. Ni muhimu pia kumwomba fundi jina la rangi aliyotumia na namba iliyo kwenye chupa, na kuyaandika, kwa sababu atakayekurudia miaka miwili baadaye huenda akawa mtu mwingine.

Sasa zaidi ya mwaka umepita. Naenda kazini nikiwa nimeosha uso tu, na nyusi zipo, ingawa si zile za kwenye picha za dakika ya kwanza. Mistari ya mwanzo imelainika, unga umebaki, na upande wa kushoto, ambao ndio ninaoulalia, mkia umefifia mapema kuliko wa kulia. Kuzitia rangi upya kutanigharimu kama nusu ya bei ya kwanza, na nimekuwa nikiweka kando shilingi 600 kila mwezi kwa ajili hiyo. Nitamrudia fundi yule yule kusi kukishaingia, kwa masharti yale yale: sindano ifunguliwe mbele yangu, na kalamu itangulie.